Barua ya wazi: Kibali kinachoombwa mtandaoni kiishie mtandaoni

Kwa wakuu wa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, kwa Bodi ya Taifa ya Mapitio ya Majengo, kwa makarani wa miji na manispaa, na kwa kamati za majengo za wilaya zote za Uganda.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Arua. Mimi ni msimamizi wa ujenzi, na kazi hii inanizungusha West Nile nzima: leo niko Arua, kesho Koboko au Nebbi, keshokutwa Yumbe. Majengo ninayosimamia si maghorofa marefu. Ni nyumba za familia, vyumba vya kupangisha, maduka yenye stoo nyuma, zahanati, madarasa ya shule za binafsi. Wenye majengo ni wafanyabiashara, walimu, wanajeshi wastaafu na akina mama wa sokoni. Wakifika hatua ya kuomba kibali, wengi hunikabidhi simu yao na kuniambia, "Mwanangu, wewe ndiye unayejua mambo ya kompyuta, tusaidie." Kwa hiyo ninayoyaandika hapa nimeyaona nikiwa nimekaa kando ya mwenye jengo, yeye akiwa na bahasha ya karatasi zake mapajani na mimi nikiwa na kompyuta.

Kibali chenyewe sikipingi hata kidogo. Nchi hii imezika watu waliofukiwa na majengo. Mwaka 2004 hoteli iliyokuwa ikijengwa Bwebajja, kwenye barabara ya Entebbe, iliporomoka na kuua. Kansanga mwaka 2020, jengo likaanguka tena juu ya wafanyakazi. Kisenyi mwaka 2022, vilevile. Waliokufa katika ajali za namna hii aghalabu ni vibarua, vijana wa kubeba zege na kupanga matofali. Mimi ninafanya kazi na vijana kama hao kila siku. Mtu akiniambia kwamba Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 ni usumbufu wa serikali, huwa namkatalia palepale.

Sheria hiyo ndiyo iliyounda Bodi, ikaweka kamati za majengo katika wilaya na miji, ikataka kila jengo lipate kibali kabla ya kuanza na kibali kingine kabla ya watu kuingia kukaa. Kanuni zake zikatoka mwaka 2020. Kisha Bodi ikaanzisha mfumo wa BIMS ili maombi yapite mtandaoni. Nilifurahi sana niliposikia. Nilijua yale mafaili ya manila yaliyofungwa kwa uzi, yanayorundikwa kwenye masijala mpaka la chini halionekani, sasa yamepata mwisho wake. Niliwaambia wateja wangu hivyo.

Lakini faili la manila bado lipo. Hilo ndilo linalonifanya niandike.

Nitaeleza jinsi mambo yanavyokwenda katika halmashauri moja ambayo sitaitaja jina, maana nia yangu si kumwaibisha mtu, na nimeyaona hayo hayo katika zaidi ya mji mmoja. Tunajaza fomu mtandaoni. Tunapakia michoro ya msanifu, michoro ya injinia wa miundo, nakala ya kitambulisho cha taifa, karatasi za kiwanja. Tunapata namba ya malipo, ile PRN, mwenye jengo analipa kwa simu, risiti inaingia. Hapo kazi ya mwombaji ingekuwa imekwisha. Siku zinapita kimya. Tukienda ofisini kuuliza, afisa anatupokea vizuri tu, anafungua kompyuta, anaonyesha kwamba ombi limefika, halafu anasema: "Mama, hii ya kwenye kompyuta tumeiona. Sasa tuletee nakala tatu za karatasi, zenye muhuri wa wino, tufungue faili."

Tatu, wakati mwingine zaidi. Karatasi za A1, kila seti na kurasa zake: ramani ya sakafu, misingi, mikato, paa, mabomba, umeme. Miji mingi midogo ya huku haina mashine ya kuchapa karatasi za ukubwa huo. Mtu anatoka Yumbe kuja Arua kwa ajili ya kuchapa. Muhuri wa wino nao ni wa msanifu aliyesajiliwa, na wasanifu wengi wako Kampala, karibu kilomita 500 kutoka hapa. Basi michoro ile ile ambayo msanifu alikwisha kuitia saini na kuituma kwa barua pepe, inafungwa kwenye bomba la plastiki, inapelekwa na basi la usiku, inagongwa muhuri, inarudi na basi jingine. Mwenye jengo analipa kuchapa, analipa nauli ya bomba, analipa boda wa kulifuata steji. Amelipa kuomba mara mbili kwa jengo moja.

Nimewahi kumuuliza afisa mmoja kwa heshima kwa nini iwe hivyo. Akanijibu kwa unyoofu kwamba wajumbe wa kamati wanakaa mezani na michoro imetandazwa, wanaandika kwa kalamu nyekundu, na hakuna skrini ya kuwaonyesha michoro mikubwa. Tena akasema mkaguzi wa hesabu akija anataka kuona faili. Hizo ni sababu za kweli na sizidharau. Ila dawa ya kukosa skrini ni skrini. Halmashauri inayokusanya ada za vibali inaweza kununua skrini moja kubwa ya chumba cha mikutano, na ikiwa haiwezi, ichape yenyewe seti moja kwa matumizi yake. Mzigo huo haupaswi kutupiwa mwombaji ambaye amekwisha kutimiza alichoagizwa.

Kuhusu muhuri wa wino na hofu ya mkaguzi, sheria za nchi zilishajibu zamani. Tangu mwaka 2011 Uganda ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki na Sheria ya Saini za Kielektroniki. Ya kwanza inasema wazi kwamba taarifa haiwezi kukosa nguvu ya kisheria kwa sababu tu iko katika umbo la kielektroniki. Ni sheria ya Bunge. Kwa nini basi afisa wa wilaya aachwe akihangaika peke yake, akiogopa kuulizwa, wakati wakubwa wake wangeweza kumwandikia waraka wa kumlinda? Mimi naamini maafisa wengi wangeacha kudai karatasi kesho asubuhi kama wangekuwa na barua mkononi inayosema wasidai.

Kuna jambo lingine ndani ya hili la karatasi ambalo ni zito kuliko gharama, nalo ni siku. Ombi linahesabiwa limefika lini? Mwombaji anasema lilifika siku alipobonyeza kutuma na kulipa. Ofisi inasema lilifika siku faili la karatasi lilipofunguliwa. Kati ya siku hizo mbili kunaweza kupita wiki nyingi, na wiki hizo hazina mwenyewe. Huku kwetu hilo si jambo dogo. Msimu wa ujenzi ni kiangazi, kuanzia Desemba hadi Machi. Ndipo watu wanachoma matofali, wanachimba misingi, malori ya mchanga na kokoto yanapita njia za vijijini bila kukwama. Mtu anayeomba mapema Novemba anataka achimbe Januari. Kibali kikichelewa hadi Aprili, mvua imefika. Nimeona mitaro ya msingi iliyojaa maji ya udongo mwekundu, kingo zimeporomoka, nondo zilizonunuliwa kwa mkopo wa SACCO zimelala kwenye majani zikipata kutu, na matofali mabichi yamerudi kuwa tope.

Na mnajua kinachofuata. Mwenye jengo mwenye mkopo hangoji. Anamwita fundi wa mtaani, wanachimba Ijumaa jioni, wanamwaga zege Jumamosi na Jumapili, Jumatatu ukuta umefika dirishani. Afisa akija anakuta jengo liko kwenye lenta, anachora alama nyekundu ya X ukutani, na kuanzia hapo ni mazungumzo ya kando. Simtetei anayejenga bila kibali. Nasema tu kwamba kila wiki inayopotea kwenye karatasi inamsukuma mtu mwingine kwenye ujenzi wa usiku, ule ambao hakuna mhandisi anayeuona. Kama lengo la Sheria ya 2013 ni usalama wa watu, basi ucheleweshaji huu unalivunja lengo hilo kutoka ndani.

Ninaomba kila ombi liwe na tarehe moja ya kuingia, ile ya mtandaoni, na mwenye jengo aione kwenye simu yake. Aone pia faili liko kwa nani: kwa mpangaji mji, kwa injinia, kwa afisa wa afya, au linasubiri kikao cha kamati. Na kikao ni lini. Tarehe za vikao vya kamati zitangazwe kwa mwaka mzima, kama mahakama zinavyobandika orodha ya kesi. Mara ngapi tumeambiwa "kamati haijakaa" bila mtu yeyote kujua itakaa lini?

Likikataliwa, sababu iandikwe kwa kutaja kifungu. Nimepokea majibu ya maneno mawili, "rekebisha michoro", basi. Kurekebisha nini? Umbali kutoka mpaka wa kiwanja? Upana wa ngazi? Tangi la maji taka liko karibu mno na kisima? Jibu kamili humwezesha msanifu kumaliza kazi kwa siku moja. Jibu fupi humrudisha mtu ofisini kuuliza, na hapo ofisini ndipo penye kishawishi cha kutoa kitu kidogo ili aelezwe. Tena sheria inampa mwombaji asiyeridhika haki ya kukata rufaa kwenye Bodi. Atakata rufaa vipi dhidi ya maneno mawili?

Sasa niingie kwenye ardhi, maana hapa watu wa huku kwetu wanaumia kuliko watu wa Kampala.

Katiba ya 1995 inatambua aina nne za umiliki wa ardhi: wa kimila, wa mailo (wa kudumu wenye hatimiliki, hasa kule Buganda), wa frihodi (wa kudumu) na wa lizi (wa kukodi kwa muda). West Nile sehemu kubwa ya ardhi ni ya kimila. Hatimiliki ni chache. Mtu ana shamba la babu yake, mipaka inajulikana kwa miti na mawe, wazee wa ukoo wanaijua, majirani wanaijua, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anaijua. Sheria ya Ardhi ya 1998 iliweka cheti cha umiliki wa kimila ili watu kama hawa wawe na karatasi inayotambulika, lakini wenye cheti hicho bado si wengi, na ardhi isiyo na cheti haiachi kuwa mali ya mwenyewe.

Mama mmoja anayeuza samaki wakavu alitaka kujenga vyumba vinne vya kupangisha. Alikuwa na barua ya ukoo yenye saini na alama za dole gumba, barua ya LC1, mchoro wa mipaka uliochorwa na mpima. Fomu ya mtandaoni ya halmashauri aliyokuwa akiomba ilikuwa na nafasi moja: namba ya hatimiliki. Nafasi ikiwa tupu, fomu haiendi mbele. Hakuna mahali pa kuandika kwamba ardhi ni ya kimila. Tulipouliza, tukaambiwa watu wengine huandika sifuri. Yaani mtu mwaminifu, mwenye ardhi halali kwa mujibu wa Katiba, aanze ombi lake kwa serikali kwa kuandika kitu kisicho kweli. Yule mama alikataa. Alisema, "Mimi sina ardhi ya sifuri." Akakunja karatasi zake akarudisha kwenye bahasha, na hadi ninapoandika barua hii hajaanza kujenga.

Kurekebisha hilo hakuhitaji sheria mpya. Kunahitaji nafasi nne kwenye fomu badala ya moja, na orodha ya nyaraka zinazokubalika kwa kila aina ya umiliki. Vivyo hivyo kwa wenye vibanja kwenye ardhi ya mailo kule Buganda, ambao kwao swali la nani anasaini ni gumu zaidi, kwa kuwa mwenye hatimiliki na mwenye kukaa ni watu wawili. Waulizeni watu wa Wizara ya Ardhi, wao wana majibu. Mfumo wao wa taarifa za ardhi upo, ofisi zao za kanda zipo, ya Arua ikiwamo. Mifumo miwili ya serikali moja ingeweza kuulizana yenyewe kama hatimiliki fulani ni ya kweli, badala ya kumtuma mwombaji akatafute barua ya uthibitisho kutoka dirisha moja aipeleke dirisha la pili.

Lingine linalohusu wenye majengo ni akaunti. Mwenye jengo asiyejua kompyuta anakwenda kwenye duka la intaneti, na kijana wa duka anafungua akaunti kwa namba yake mwenyewe na barua pepe yake mwenyewe. Kuanzia hapo kila ujumbe wa halmashauri unakwenda kwa kijana. Ameulizwa swali? Kijana ndiye anajua. Kibali kimetoka? Kijana ndiye anacho, na wapo wanaodai pesa kabla ya kukitoa. Nakala ya kitambulisho cha taifa cha mzee wa watu, ramani ya nyumba yake yenye kila mlango na dirisha, vyote vimebaki kwenye kompyuta ya dukani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu 2019, na hapa ndipo ingefaa kufanya kazi. Mfumo ukubali namba mbili: ya msaidizi anayejaza, na ya mwenye jengo iliyosajiliwa kwa jina lake. Ujumbe wa simu wa kawaida, usiohitaji bando, uende kwa mwenyewe kila hatua. Na kila halmashauri iweke kompyuta moja na mtu mmoja wa kuwasaidia wasiojua, bure.

Lugha nitaisema kwa kifupi. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe shuleni kwa lazima. Basi maelezo ya fomu yapatikane kwa Kiswahili, na kwa Kilugbara, Kiganda na lugha nyingine za watu. Na intaneti ni ghali. Tangu Julai 2021 kila bando lina kodi ya asilimia 12. Kurasa za serikali za kuombea huduma zifunguke bila kulipia data, hilo makampuni ya simu yanaweza kukubaliana nanyi.

Nimalizie na ukaguzi, maana kibali ni mwanzo tu na jengo huanguka kwa kilichofanyika baadaye. Kuna hatua ambazo zikipita hazirudi. Kabla ya kumwaga zege la nguzo, unaweza kuhesabu nondo, unaweza kuweka futi kamba na kuona kama ringi zimefungwa kwa nafasi iliyochorwa au fundi ameziachanisha ili abakishe chuma. Zege likishamwagwa umechelewa. Utaona nguzo iliyonyooka, imepigwa lipu nzuri, na ndani yake hujui kuna nini. Ndiyo maana ukaguzi wa msingi, wa nguzo na wa slabu ni lazima ufanyike kwa wakati wake.

Leo namna ya kumwita mkaguzi ni kumpigia simu na kuomba aje, na mara nyingi kumtafutia usafiri, kwa kuwa afisa mmoja anabeba eneo kubwa na pikipiki ya ofisi haina mafuta. Jengo linasimama, vibarua wanalipwa wakiwa wamekaa kivulini. Mwisho fundi anasema, "Bosi, tumwage tu." Mfumo wa mtandaoni ungeweza kubeba hili pia: msimamizi aandike siku mbili tatu kabla kwamba nguzo ziko tayari, apakie picha zenye futi kamba, afisa apange ziara zake kwa njia moja badala ya kurudi upande ule ule kila siku. Picha isichukue nafasi ya mkaguzi. Sitaki hilo kabisa, picha inaweza kupigwa kwenye jengo la mtu mwingine. Lakini picha zitabaki, zina tarehe, na jengo likileta matatizo baada ya miaka kumi kutakuwa na mahali pa kuangalia. Kwenye faili la manila sijawahi kuona picha ya nondo.

Wenzetu wa Nairobi walianza kupokea michoro kwa mtandao tangu 2011. Sisi tuna sheria, tuna Bodi, tuna mfumo. Kilichobaki ni agizo.

Naomba Wizara na Bodi mtoe waraka kwa makarani wote wa miji na wakuu wa utawala wa wilaya, wenye mambo haya: ombi lililotumwa na kulipiwa mtandaoni limepokelewa, na tarehe hiyo ndiyo ya kuhesabia, hakuna ofisi itakayodai nakala za karatasi kwa ombi hilo, kukataa kutaje kifungu, umiliki wa kimila ukubaliwe kwenye fomu kwa nyaraka zinazoeleweka. Mengine niliyoyataja yanaweza kuchukua muda na bajeti, nami nayaelewa. Haya manne yanahitaji saini tu. Yatoke kabla ya Novemba, ili watakaoomba kwa ajili ya kiangazi kijacho wayakute yameanza kazi, na nakala ya waraka ibandikwe kwenye mbao za matangazo za halmashauri ili hata asiye na simu ausome.

Wenu mtiifu,
Msimamizi wa ujenzi, Arua